Karatasi ya Mlangoni

Tulipewa funguo tatu, na hakuna hata mmoja uliofungua.
Minko wa ng'ambo ya barabara akavuka na ndara zake,
akauinua mlango kwa goti, akausukuma kwa bega.
"Hivi," akasema. "Tsonka alikuwa akiubeba kama mgonjwa."
Ukafunguka huku ukilalamika.

Juu ya ubao, kwa pini nne zenye kutu,
karatasi ya tanzia: uso wa bibi ndani ya mraba,
kitambaa kichwani, jicho moja limeoshwa na mvua.
*Miaka mitatu tangu atuache.* Kisha majina ya waliobaki,
wino umegeuka rangi ya chai.
Katika mji huu mdogo chini ya milima ya Balkan
aliyekufa hubaki mlangoni pake
hadi upepo uamue.

Lyuben alitaka kuibandua siku ileile.
Nikamwambia ngoja. Sikujua nangoja nini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini mwenyeji wetu alikuwa ameshakufa,
na nyumba yake ilitupokea shingo upande.
Sakafu ina mteremko: yai ukiliweka jikoni
linakwenda lenyewe sebuleni, kama mtu wa pale.
Jiko la kuni lilitutemea moshi siku nne.
Tulikula tukilia, bila msiba.
Paa lilivuja mahali kumi na saba, tulihesabu kwa sufuria,
na sufuria zilipokwisha, kwa vikombe.
Kabatini, mitungi ya pilipili nyekundu za kuchoma,
kila mmoja una tarehe kwa mwandiko wake uliolala.
Kula cha marehemu, ni dhambi au ni adabu?
Tukafunga kabati.

Majirani hawakubisha hodi. Waliacha vitu.
Asubuhi nyanya kwenye ngazi, jioni chupa ya rakia
iliyozibwa kwa gunzi.
Mara boga. Mara boga jingine.
Boga la tatu likatufanya tuanze kutokea mlango wa nyuma.

Na kila aliyepita alisimama langoni:
"Za asubuhi, Tsonka."
Mimi nipo pale pale, ufagio mkononi.
Akishamaliza naye, ndipo ananigeukia:
"Na wewe, mwanangu, hujambo?"
Nakiri, iliniuma,
kuwa wa pili kusalimiwa kwenye nyumba niliyoilipia.

Velika wa posta akaleta bili ya maji, jina ni la Tsonka.
"Bado anadaiwa," akasema, bila aibu yoyote.
Nikalipa. Maji aliyoyanywa mtu
akiwa na kiu yake ya mwisho
yakapitia mfukoni mwangu.

Novemba upepo ukashuka mlimani usiku kucha.
Asubuhi mlango ulikuwa mtupu, pini mbili zimening'inia.
Minko akaja akiwa ameishika karatasi kwa viganja viwili.
Aliikuta kwenye kabichi zake.
Alikuwa ameikausha katikati ya magazeti, ameinyoosha.
"Mnaitaka?"
Mikono ilimtetemeka, na baridi haikuwa kali kiasi hicho.

Nikamkaribisha. Moshi ukamtangulia.
Akacheka, akapeleka mkono nyuma ya bomba
bila kutazama, kama mtu anayetafuta swichi chumbani kwake,
akavuta kitu ambacho sisi hatukuwahi kukiona.
Moshi ukapanda juu. Tukaonana nyuso.
Nikafungua kabati. Mtungi ulisema *pop*.
Tulikula pilipili zake na mkate, watatu,
na mafuta yakatuchuruzika hadi viwiko.

Alipoondoka aliikunja karatasi mara nne,
akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto.
"Upepo umeshaamua," akasema.
Sikumuuliza kitu.

Kesho yake akapita kama kawaida,
akasimama langoni, akautazama ule mraba mweupe
ambao jua halikuufikia miaka yote ile.
Akafungua kinywa, akafunga.
Kisha akaniuliza jina langu.
Miezi mitatu, maboga matatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.
"Nevena," nikasema.
Akalirudia polepole, mara mbili,
kama anayejaribu ufunguo.